Mtapo Jike Uliochomwa Bunda

Mtafiti wa mimea tuliyezoea kumwita Profesa, ingawa cheo hicho hakuwahi kukipata, amefariki katika hospitali moja mjini Musoma, na Jumamosi tumemzika kwao Butiama. Figo zilimshinda. Mkewe alinipigia simu nikiwa Manyamanyama, Bunda, akanipa habari, kisha akaniuliza, "Shemeji, kwenye friji bado kuna ile chavua yake. Niifanyeje?" Hadi naandika safu hii, ingali kwenye friji.

Maisha yake yote alitafiti mitapo. Ukiuona mtapo kwa mbali utadhani ni mchikichi uliogoma kurefuka: kisiki kinene, majani magumu yenye ncha za kuchoma, na katikati koni kubwa ya magamba, mfano wa nanasi refu. Hautoi maua. Kuna mtapo dume na mtapo jike, na anayepeleka chavua kutoka kwa dume hadi kwa jike ni fukusi, mdudu mdogo wa jamii ya wale wanaotoboa nafaka. Koni ya dume hujipasha joto yenyewe, ikatoa harufu kali mpaka fukusi wanatimka na chavua mgongoni, na baadhi yao huenda kuangukia kwa jike. Profesa alieleza mambo haya kama mtu anayesimulia harusi ya nduguye. Kilichomkera ni kusikia mitapo ikiitwa mabaki ya kale. Niliwahi kuiita hivyo mbele yake tukila samaki kule Mugango, akasukuma sahani pembeni. "Ukoo ndio mkongwe," alinifokea, "ulikuwepo kabla dunia haijaona ua. Lakini aina hizi zetu ni changa, zimetokea juzi tu kwa hesabu za mageuko. Usiuandikie tanzia mti ambao bado unabadilika!"

Kwenye kilima kimoja upande wa Butiama alikuwa na mitapo michache, yote madume. Jike alimpata mmoja tu, peke yake, kwenye kilima kingine karibu na Bunda, mbali mno kwa fukusi kufika. Basi kazi ya fukusi akaifanya yeye. Alikung'uta chavua ya madume, akaikausha, akaisafirisha, akaipuliza ndani ya koni ya jike magamba yalipofunguka. Ikashika. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alinionyesha mti huo baada ya kuniapisha nisiuandike popote, na wanakijiji hakuwaambia neno. Hakuwa mchoyo. Katika mkoa mwingine aliwahi kutaja mahali penye mitapo kwenye ripoti, na wezi wa mimea wakaimaliza kabla hajarudi.

Mbegu zilipokaribia kukomaa aliniomba nimsindikize. Tulipanda tukiongea, na alikuwa ameshachagua hadi mahali pa kuziotesha. Juu tulikuta shimo na majivu. Alilizunguka lile shimo, akapiga magoti, akaanza kuchambua majivu kwa vidole. Mama mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe hapo jirani alitusogelea.

"Mnatafuta nini, wazee wangu?"

"Palikuwa na mti hapa," Profesa alisema.

"Ule wa kuchomachoma? Tumeung'oa sisi. Ng'ombe zangu zilikuwaga zinakula majani yake kiangazi. Moja ikaanza kuburuta miguu ya nyuma, haisimami tena, mpaka tukaichinja. Ilikuwa na ndama mchanga."

"Na zile mbegu nyekundu?"

"Tumechoma zote. Niliogopa watoto wataokota wale."

Nilidhani atapiga kelele. Alibaki amepiga magoti, mikono yake myeusi kwa majivu. "Umefanya sawa, mama," alisema. "Zina sumu. Mtoto angeweza kufa."

Yule mama alimtazama. "Kwani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa mbona hukutuambia? Tungeuzungushia miiba, ng'ombe zisifike. Sisi hatung'oagi miti ovyo."

Tulishuka kilima. Tangu siku hiyo Profesa akawa mtu wa kusema. Alizunguka vijijini na picha ya mtapo, akasimama kwenye mikutano, nje ya makanisa, minadani, akieleza sumu yake, thamani yake na mahali yalipobaki yale madume. Watu walimsikiliza, wakaanza kumtafutia jike mwingine. Walimpeleka kwenye vilima vingi kumwonyesha mishubiri, mikonge, hata minazi michanga. Jike hakupatikana. Na siku moja alipopanda kilima chake cha Butiama, alikuta mashimo na alama za magurudumu. Maneno yake yalikuwa yamefika kwa watu wenye magari. Walikuwa wameacha dume moja, lililokuwa limeoza upande.

Nilimtembelea hospitalini mara ya mwisho akiwa amevimba uso, sauti imefifia. Hakuniuliza habari za nje. Alinishika mkono akasema, "Niambie wewe. Nilikosea pale niliponyamaza, au niliposema?" Nilimwambia apumzike. Aligeukia ukutani, na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia.

Kwenye maziko, yule mama wa ng'ombe alikuja kutoka Bunda. Alirusha udongo wake, kisha akanivuta kando. "Ule mti wake, hakuna mwingine kabisa?" Nikamwambia sijui. Akasema yeye bado huwa anatazama anapochunga, na hajauona. Akalia, na mimi nikalia naye, bila kujua kama tunamlilia mtu au kitu kingine.

Nimelifikiria sana swali la Profesa, na sasa naona hakukosea hata mara moja kati ya hizo mbili. Kimya chake kilikuwa cha haki na maneno yake yalikuwa ya haki, na vyote viwili vilimwangusha kwa sababu alikuwa peke yake. Tulimwachia mtu mmoja mwenye figo mbovu awe fukusi, mlinzi na msemaji wa ukoo mzima wa mimea, kisha sisi tukabaki kumpenda na kumsikiliza. Kumsikiliza hakukutosha. Siku ile alipotuambia mahali madume yalipo, mmoja wetu alipaswa kwenda kukaa pale kuyalinda, na hakuna aliyekwenda.