Siri Niliyoipeleka Kanisani

Mwanangu, kuna Alhamisi moja ya kiangazi ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyopokea diploma yangu, na wewe unajua jinsi ninavyoipenda diploma ile. Ukiingia sebuleni kwangu, hiyo ndiyo ya kwanza kukusalimia. Kioo chake hufutwa kila Jumamosi. Chini yake kimening'inia kiondo, kikapu kilichosukwa kwa katani, chenye kasoro kitakoni, na wageni hawakiulizii kabisa. Leo nitakueleza habari za kiondo hicho, kwa sababu unaanza kazi ya uuguzi mwezi ujao, na watu wataanza kukukabidhi siri zao.

Kwanza ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilizaliwa Ikutha, nikachunga mbuzi mpaka nikajua tabia ya kila mmoja wao. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala mbunge aliyeniandikia barua. Nilijisukuma mwenyewe hadi Uingereza, nikasoma uuguzi na ukunga, nikarudi miaka ya sabini ikianza, nikiwa na masanduku mawili, saa ya kubandika kifuani na viatu vya kisigino kirefu. Nilipewa kazi katika zahanati ndogo nje ya Migwani. Wakaniita Sista wa Ulaya, na sikuwakataza. Wanawake walipita zahanati ya karibu yao ili waje kujifungulia kwangu. Nasema kweli tupu, uliza yeyote.

Jumatatu ya wiki ile alinijia msichana aitwaye Kavata. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ameitwa chuo cha ualimu, na ilibaki miezi miwili aende. Mama yake alikuwa mwenzangu katika kikundi cha akina mama wa kanisa. Kavata alifunga mlango, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Sista, nina mimba," akasema. "Bado ni changa. Sijui nifanye nini."

Mwanangu, angalia maneno hayo. Hakuomba dawa. Hakuomba mahubiri. Alisema hajui afanye nini. Mtu aliyesoma angemuuliza mambo mawili matatu na kumsikiliza. Mimi nilisimama nikamhutubia. Nikamwambia habari za wanaume niliowakataa London, na jinsi nilivyojilinda kwenye baridi ile mpaka nikapata cheti. Nikamwambia asithubutu hata kuwaza kuitoa. Nilipomaliza nilikuwa nimefurahi sana, kama mwimbaji aliyemaliza ubeti wake vizuri. Kavata akasema, "Asante Sista," akaondoka. Hakuwa amelia. Ningekuwa na akili, jambo hilo lingenitisha.

Sasa inakuja Alhamisi yenyewe. Kila Alhamisi alasiri akina mama tulikutana kanisani kwa maombi, na ilikuwa desturi kila mmoja kusimama na kutoa ombi lake. Ombi likiwa la mtu mwingine, hutaji jina. Unasema "dada mmoja," "familia moja," na Mungu mwenyewe anajua. Tulidhani hivyo ndivyo siri inavyofichwa. Nikasimama na viatu vyangu, nikasema tumwombee binti mmoja wa karibu na kisima cha chini, aliyeitwa chuo, ambaye adui amemtegea mtego tumboni, asije akaukata uhai aliopewa.

Kule kisima cha chini kulikuwa na nyumba tano. Msichana aliyeitwa chuo alikuwa mmoja tu.

Niliona mgongo wa mama yake. Alikuwa ameketi benchi la mbele, na mgongo ule ulinyooka polepole, ukabaki hivyo mpaka tukasema amina. Wenzangu waliomba kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Mimi nilifikiri ni Roho.

Asubuhi ya Ijumaa habari zilikuwa zimefika sokoni kabla ya nyanya. Baba yake Kavata alikuwa ametoa sanduku la binti yake nje ya ua. Ndipo mfagiaji wetu wa zahanati akaniambia, huku akiegemea fagio, "Sista, yule mtoto ameonekana kwa Susu Syombua."

Susu Syombua, mwanangu, alikuwa mganga. Susu ni bibi kwa Kikamba, na wote tulimwita hivyo. Sisi Wakamba hatuchanganyi mganga na mchawi. Mmoja anaponya, mwingine anaroga, na majina yao ni mbalimbali. Lakini mimi nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya na wote nilikuwa nimewatia katika gunia moja. Akilini nilimwona bibi yule akimpa Kavata mizizi ya kutoa mimba. Tayari nilikuwa nimepokea wasichana wawili waliotoka kwa mwanamume mmoja aliyetoa mimba nyuma ya duka, katika mji wa barabara kuu, na mmoja wao sikuweza kumrudisha. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa ya kweli. Nilichokosa kuona ni nani aliyemsukuma Kavata nje ya nyumba yao.

Nikaenda mbio, visigino vikizama mchangani. Nikaingia uani bila kupiga hodi. Susu Syombua alikuwa ameketi kivulini pa nyumba, anasokota uzi wa katani kwenye paja. Kavata alikuwa mkekani mbele yake, ameshika kitako cha kiondo kilichoanza tu, upana wa kiganja.

"Amekupa nini? Umekunywa nini?" nikapiga kelele. Nikamnyang'anya kile kiondo kama ndicho sumu. Uzi ukakatika. Safu tatu nzima zikafumuka mkononi mwangu.

Susu hakuinuka. Akanitazama kutoka chini kwenda juu.

"Vua hivyo viatu, unatoboa ua wangu," akasema. "Hata kuku nawafundisha kuingia taratibu."

"Susu, huyu mtoto atakufa!"

"Atakufa na nini? Nimempa uji. Au kule Ulaya uji unaua?" Akamgeukia Kavata. "Mama, nenda kaniletee maji. Zunguka njia ndefu."

Tulipobaki wawili aliniambia yaliyotokea. Alfajiri ile alimkuta Kavata kituo cha basi, peke yake, amejifunga leso ya mama yake, akingoja gari la kuelekea kwa yule mwanamume wa nyuma ya duka. Mambo mawili yalikuwa yamempeleka pale, ndivyo msichana mwenyewe alivyomwambia. Baba amemfukuza, na kanisa lote linajua, kwa hiyo hakuna tena cha kulinda. Jumatatu alikuwa hajui afanye nini. Ijumaa alikuwa anakimbia tu.

Ndipo nikavua viatu. Nikaketi chini, viatu mkononi.

"Nilikuwa namwokoa," nikasema.

"Ulikuwa unajisikiliza," akasema Susu. "Ile karatasi yako ya ukutani, imeandikwa upige tarumbeta?"

Mwanangu, haikuandikwa hivyo. Niliapa, kwa Kiingereza kizuri kabisa, kwamba nitakayoyajua kazini nitayafunga. Niliapa nikiwa nimevaa kofia nyeupe.

Kisha nikamuuliza lile lililonileta: je, akikuomba dawa ya kuitoa, utampa? Akaendelea kusokota uzi kwanza.

"Mikono yangu haifanyi kazi hiyo," akasema. "Haijafanya tangu nilipofundishwa. Kinachotoka katika mikono hii, kiwe kizuri kiwe kibaya, kinarudi kulala katika nyumba hii hii, na mimi naogopa kudhuru. Hilo ni langu. Lakini msichana hajanipa mimi tumbo lake nilisimamie. Akija simfukuzi. Akienda kwingine akarudi anaumwa, mlango uko wazi, na sitamuuliza kwa nini. Nikimtisha leo, kesho ataumwa akiwa peke yake. Hayo nayo ni madhara, na yatarudi kwangu vilevile."

Hapo nilishtuka, maana maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mahali pengine. Kule Uingereza nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, nitamwita Bi Edna. Alikuwa mfuasi wa dini ya Wicca, ambayo wenyewe husema ni ya kale, watu wa mwezi na majani, na siku aliponiambia kwamba yeye ni mchawi nilifunga sanduku langu kabla chai haijapoa. Akanicheka, akanieleza kwamba sheria yao kubwa ni mtu awe huru kufanya atakalo mradi asimdhuru yeyote, na kwamba unachokituma kinakurudia mara tatu. Nikabaki, chumba kilikuwa na joto. Wenzake walikuja Jumapili kunywa chai, na jioni moja walibishana juu ya kutoa mimba. Mmoja alisema kudhuru ni kudhuru hata kiumbe kikiwa kidogo namna gani. Mwingine akasema kumlazimisha mwanamke kubeba asichoweza, hayo nayo ni madhara. Nilitega sikio, nikingoja Bi Edna atoe hukumu. Alisema tu kwamba yeye alikwisha kujibu kwa ajili yake mwenyewe zamani, na hatajibu kwa ajili ya mtu mwingine, akamimina chai. Nilimdharau. Nilidhani ni mtu asiye na msimamo. Ilinichukua bahari nzima na bibi mmoja wa Migwani kuelewa kwamba msimamo alikuwa nao, ila hakuutumia kama fimbo.

Basi Susu akanieleza utaratibu wake. Msichana aliyekuja na shida ya namna hiyo hapewi dawa wala shauri. Anapewa katani, anaanza kiondo, analala hapo na kula hapo. Wakati mikono inafanya kazi, kichwa kinatulia. Kiondo kikifika mabegani, pale panaposhonwa mkanda, ndipo Susu anauliza mara moja: unataka nini? Atakachojibu ndicho chake.

"Na wewe umekifumua," akasema. "Kwa hiyo ataanza tena. Na wewe utasokota uzi."

"Mimi, Susu? Nina wagonjwa."

"Utakuja ukitoka kazini. Na Alhamisi utarudi pale uliposema, useme tena."

Hilo la Alhamisi liliniuma kuliko yote. Nilikwenda peku, viatu nikaviacha nyumbani, nikasimama mahali palepale. Nikasema, "Dada zangu, wiki iliyopita nilileta hapa jambo la mtu aliyeniamini kazini. Sikuwa na ruhusa. Nilivunja kiapo changu na nikamwumiza mama aliyeketi hapa. Mkitaka kunisema, nisemeni mimi." Nikaketi. Kisha mwanamke mmoja mzee nyuma akasema, "Ah! Kumbe Ulaya pia wanakosea," wakacheka, nami nikacheka na machozi. Mama yake Kavata hakucheka. Lakini tulipotoka alinisubiri mlangoni, akaniuliza, "Anakula?" Nikamwambia anakula. Siku ya pili alipeleka maziwa kwa Susu, akarudi nyumbani akazungumza na mumewe. Walizungumzia nini sijui. Sanduku lilirudi ndani ya ua.

Kwa siku tisa nilisokota katani pajani mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kavata alinionyesha namna ya kuloweka nyuzi, akinicheka, "Sista, huu si uzi, hii ni kamba ya ng'ombe." Hatukuzungumzia tumbo. Siku ya tisa kiondo kilifika mabegani. Susu akauliza swali lake, na Kavata akaomba nami nibaki. Akajibu.

Najua unaloliuliza moyoni sasa, mwanangu. Alijibu nini? Aliibeba au hakuibeba? Watu wa kisima cha chini wana hadithi mbili mpaka leo, na kila upande unaapa kuwa umeona. Wote wameniuliza. Mimi ninayejisifu kwa diploma, kwa saa, kwa kila mtoto niliyemtoa salama duniani, jambo hilo moja sijamwambia mtu, na wewe hutakuwa wa kwanza. Nitakwambia tu yaliyo wazi kwa wote: Kavata alikwenda chuo, akawa mwalimu, na kila Desemba huja kunisalimu. Kiondo kile alinipa mwenyewe. Katika kitako pana fundo, pale nilipokata uzi. Alikataa kulificha.

Basi nikupe shauri langu wazi. Kuhusu kutoa mimba nina maoni yangu. Ni ya muumini na ya mkunga, sikuyabadilisha, na ukiniuliza tukiwa wawili nitakueleza bila aibu. Wewe nawe tafuta yako, uyajue vizuri, na yakuongoze katika kile mikono yako itakachofanya na itakachokataa. Lakini msichana akifunga mlango na kukaa ukingoni mwa kiti, muulize kwanza. Keti. Nyamaza zaidi ya unavyotaka. Jambo ambalo mtu hatakiwi kulisikia usimpelekee, hata ukiwa umefumba macho unaomba. Na ukikosea, maana utakosea, rudi peku mahali palepale.

Haya, lete viganja vyako. Susu Syombua alinitemea mate ya baraka siku ya tisa, nami nakutemea wewe kama alivyofanya: mikono hii isimdhuru aliyekuja kuomba msaada, na kitakachotoka ndani yake kikirudi nyumbani kwako, ufurahi kukifungulia mlango. Sasa nenda kaoge, una safari. Na viatu hivyo vya kisigino nilivyokununulia, Jumatatu yako ya kwanza kazini usivivae.