Malkia Wanne na Safari ya Bisil

Mpaka leo nikisikia maharagwe makavu yakimwagwa kwa sufuria, vidole vinaniwasha kutafuta kadi.

Tulikuwa tumepanga nyumba Kitengela, miaka ile ya tisini punda milia walipokuwa wakila nyasi nyuma ya kamba yetu ya nguo. Jumapili baada ya kanisa Baba alitandika gunia sakafuni, akatuchezesha poka, mimi na dada yangu Nekesa, maharagwe ishirini kila mtu. Ukiweka yako katikati, mwenzako ama anaweka sawa na wewe, ama anatupa kadi; mkifunua, mwenye kadi nyingi zinazofanana anabeba yote. Mama alinung'unika kwamba tunachezea chakula cha jioni.

Jumapili moja Baba akasema kati yetu wawili, atakayemaliza na maharagwe mengi ataenda naye soko la Bisil kuchagua mbuzi wa Krismasi. Nekesa alikuwa ameenda mara mbili. Mimi, hata siku moja! Niliitaka sana hiyo safari.

Nikapata wafalme watatu. Kwa furaha nikasukuma maharagwe yote. Wakatupa kadi papo hapo, nikaambulia yale mawili tu waliyokuwa wameweka, moja moja, ya kuanzia mchezo.

"Umetufukuza kama ng'ombe kwa shamba la wenyewe," Baba akacheka. "Ukiwa na kadi kali, weka kidogo kidogo, tusikimbie."

Baadaye wakaja malkia wanne. Yesu wangu! Nikakaza uso, nikaweka mawili. Nekesa akatupa zake. Baba akaweka mawili. Nikaongeza matatu, akalipa. Matano, akajikuna kidevu: "Huyu mtoto niko na wasiwasi na yeye." Akalipa tena, mpaka akabaki mikono mitupu. Nilipofunua, alishika kichwa, akachanganya kadi zake na zingine bila kutuonyesha.

Bisil nilichagua beberu mweusi mwenye kelele. Mzee aliyemuuza alinigusa utosi kwa salamu, nami nikajiona mjanja kuliko baba yangu mzazi.

Mwaka jana tulikuwa tunachagua maharagwe ya matanga ya Baba, Nekesa akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

"Na vile ulikuwa unatafuna kola ya gauni ukipata kadi nzuri! Wewe unadhani mbona nilitupa zangu?"

"Baba naye aliona?"

"Si alikuwa amekaa karibu na wewe kuliko mimi."

Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Miaka yote hiyo nilijisifu nilivyomlipisha kidogo kidogo asikimbie, kumbe Baba hakuwa na mpango wa kukimbia.