Nafasi ya Pili ya Mzee Wahome

Kwa miaka thelathini na moja kwenye ofisi ya ardhi Kajiado, Wahome hakupokea fomu yenye nafasi tupu hata siku moja. Nafasi tupu, alisema, ndimo wezi wanamoandikia majina yao. Kwa hilo nampa haki yake.

Balaa lilimkuta amestaafu, nyumbani kwake Kitengela. Kikundi cha maombi kilikuwa sebuleni, maneno ya wimbo yakisomwa kwenye runinga, mara tangazo la dawa ya nguvu za kiume likafunika ubeti wa tatu. Waumini wote wakageuka wakamtazama mwenye nyumba. Aibu ilimshika. Na Alhamisi iliyofuata walikuwa wanarudi.

Bintiye Nyawira, fundi wa kompyuta, akamletea kidude cha kuzuia matangazo. Runinga ikitaka kujua tovuti fulani iko wapi, huuliza kidude; ikiuliza liliko tangazo, huambiwa halipo. Wahome alitakiwa tu kuandika anwani ya kidude hicho mahali pa DNS, yaani pa yule wa kuulizwa, katika mipangilio ya ruta, kile kisanduku cha intaneti. Akaandika. Matangazo yakazidi kumiminika. Akazima ruta, akawasha, akaipangusa vumbi, akaisogeza dirishani ipate hewa, mwisho akaiombea. Dawa ni ile ile.

Jumatano akampigia bintiye simu.

"Baba, hapo kwa DNS kuna mahali mbili. Ya pili uliandika nini?"

"Niliweka anwani ya kampuni ya mtandao. Mimi siachangi fomu na pengo."

"Sasa hapo ndio shida. TV inauliza yenye inataka kati ya hizo mbili, na hiyo ya pili inaruhusu kila kitu. Toa, uache tu hivyo."

Akaifuta. Ilimuuma kama kung'olewa jino, na mara mbili alirudi kulichungulia lile pengo.

Alhamisi ziliimbwa nyimbo nne, beti zote, bila tangazo hata moja. Wahome aliketi kifua mbele akingoja mtu aulize amefanyaje. Hakuna aliyeuliza. Mama Ndulu, kiongozi wa kikundi, alikuwa amesikia mahali kwamba matangazo humfuata mtu kulingana na anachotafuta mtandaoni. Akasimama kufunga kwa maombi.

"Baba, tunakushukuru kwa ajili ya ndugu yetu Wahome. Tumejionea na macho yetu. Ameacha kutafuta zile vitu."

Wahome akafungua mdomo, lakini nani hukatiza maombi? Wote wakaitika amina, na aliyeitika kwa sauti kuliko wote alikuwa mkewe, Wacuka.