Siku Tuliyochungulia Tumbo la Mtoto

Kwa juma zima mimi na mwenzangu, madaktari wa usingizi sote wawili, tulikuwa tunajifunza kwa matumbo yetu wenyewe. Ninalala ubavu wa kulia, ananipaka jeli, anapitisha chini ya kifua kifaa cha ekografi, mashine inayoonyesha picha za ndani ya mwili. Tumbo tupu lilionekana dogo, limenywea. Nikinywa soda, linafura na kujaa weusi wenye mapovu yanayometameta, nasi tunacheka kama wanafunzi.

Kisha akaja mtoto wa kweli: msichana mdogo wa mtaa wa Kamenge aliyeungua mguu kwa maji ya moto. Kumsafisha kidonda bila kumtesa kulihitaji dawa ya kumlaza, na dawa hiyo inataka tumbo tupu, maana mtoto akitapika usingizini, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Jana yake tulimrudisha wodini kwa kuwa alikunywa maziwa. Safari hii bibi yake aliapa hajala. Lakini nilipofunua shuka, nikaona chembe za mandazi kwenye gauni lake.

"Umekula, mwanangu?"

"Apana! Ni ya jana," akajibu, machozi yakimlengalenga.

Zamani ningeahirisha tena. Sasa tulikuwa na njia nyingine. Nikaivuta mashine hadi kitandani.

"Dokta, iyi si ya wamama wenye mimba?" bibi akashangaa.

"Leo inatuambia kama amekula, mama."

Tukamgeuza ubavu. Ini likatokea kwanza, kisha, nyuma yake, tumbo lenyewe: kitu kidogo kama tundu la kifungo, kuta zake zimegusana. Nikasogeza kifaa huku na huku. Hamna chakula, hamna maji.

"Tupu!" mwenzangu akapiga kelele, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Msichana akatutazama kwa zamu. "Mi nilisema," akanung'unika.

Nilitaka kumkumbatia. Tulimpa dawa, akalala, akipumua vizuri, nami sikuondoa macho kifuani pake hadi kidonda kilipokuwa safi na bandeji mpya imefungwa. Alipoamka, bibi alikuwa amemshika mkono, akiwasimulia wanawake wa wodi nzima kwamba dokta ameona ndani ya tumbo la mjukuu wake.

Jioni, nikipanda kilima kwenda nyumbani, mtaa wa Gihosha, nilishindwa kunyamaza. Nikampigia mwenzangu simu.

"Kesho tunaanza na nani?"

"Hata mi nilikuwa nakupigia," akasema.