Kinyozi Aliyempikia Redio

Mtaa mzima ulimwita Redio. Miaka nenda miaka rudi alikuwa mpishi wa shule, akipika kwa kuni, na mdomo wake ulifunguka moto ukiwashwa, ukafungwa sufuria ya mwisho ikifunikwa. Kisha kikohozi kikaja, kikagoma kuondoka, na pumzi zikawa za kuokoteza. Daktari hakuzunguka: moshi ulikuwa umeyaumiza mapafu, hayatarudi kuwa mapya, ila yanaweza kutunzwa. Avute dawa asubuhi na jioni. Moshi marufuku. Ale kidogo kidogo lakini mara nyingi, maana tumbo likijaa sana hubana pumzi.

"Na asizidi kukonda," daktari akaongeza.

"Sasa nani atapika?" Redio akauliza.

"Mimi," mumewe akajibu.

Redio akacheka mpaka akakohoa, nesi akaja mbio akidhani kuna hatari.

Mumewe alikuwa kinyozi. Mikono yake ilijua wembe na mkasi. Sufuria aliijua kwa sura tu. Siku ya kwanza alikaanga vitunguu hadi vikawa mkaa. Nyumba ikajaa moshi, na Redio akatoka nje kitambaa kikiwa puani.

"Unataka... kuniua... kwa vitunguu?"

Kinyozi akaapa kutokaanga tena. Akanunua jiko la umeme, akaliweka chini ya dirisha, akaanza kuchemsha kila kitu. Redio alikaa mlangoni hewa ikimpiga, akawa bosi. Shida ni kwamba vipimo vyake vyote vilikuwa vya shule.

"Nitie chumvi kiasi gani?"

"Nusu kilo."

"Redio!"

"Aa, samahani... nimewazoea watoto wangu wa shule."

Ili asimalize pumzi kwa maelezo, wakatunga ishara. Mkono ukizunguka, koroga. Mkono ukikata shingo, zima jiko haraka. Kinyozi alivaa lile joho lake la kunyolea badala ya aproni, akazichonga karoti kwa ustadi kama anayesawazisha ndevu za bwana harusi. Polepole chakula kikaanza kulika. Redio tu ndiye aliyekuwa hana hamu. Vijiko vichache, kisha anasukuma sahani.

Ndipo dada yake mkubwa akatua na begi tupu, tupu makusudi.

"Shemeji, asante kwa kujitahidi," alisema, hata maji hajanywa. "Lakini mwanaume kumlisha mgonjwa! Mdogo wangu naondoka naye."

"Kwanza tule, shemeji."

Akaandaa samaki wa kuchemsha na nyanya, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, na boga laini. Akamfunga Redio kitambaa shingoni. "Tupunguze pembeni, mama, au tunyoe kichwa chote?"

Redio akainua kidole kumwonya: vichekesho marufuku chakula kikiwa mdomoni.

Dada akaonja. "Chumvi hakuna."

"Daktari kaipunguza. Kamulia ndimu."

Akakamulia, akala, akaongeza, akakwangua sufuria. Lakini Redio alikuwa amekwisha kusukuma sahani yake. Dada akamtazama kinyozi, akalivuta begi karibu. Kinyozi akarudi kwenye duka lake la kunyolea, nyumba chache tu kutoka nyumbani, akiwa amenywea kabisa.

Jioni, katikati ya kumnyoa mteja ndevu, akaona watu wote wamegeuka. Redio alikuwa amesimama mlangoni! Amekuja kwa miguu, akipumzika kila hatua kadhaa, dada yake nyuma amebeba kigoda. Alikunja midomo kama anayepuliza chai ya moto, akitoa pumzi taratibu kama alivyofundishwa kliniki. Kinyozi akaweka wembe chini.

"Nini? Umezidiwa?"

Redio akatikisa kichwa. Akavuta hewa.

"Nina... njaa."

Miezi mingi neno hilo halijatoka kinywani mwake! Kinyozi akaruka, akambusu paji la uso mbele za watu, akatimua mbio nyumbani, joho likipepea. Mteja akatoka naye mbio, shavu moja laini, jingine msitu.

"Na upande huu je?"

"Utangoja! Mke wangu ana njaa!"

Alichemsha mayai mawili, akapasha viazi. Redio alifika taratibu, akakaa, akamaliza sahani, akaisogeza mbele aongezewe. Dada akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, akampakulia hata yule mteja wa ndevu nusu, ambaye alikula vizuri sana.

Dada alirudi kwake peke yake. Mapafu ya Redio hayakupona, na siku mbaya bado huja. Zikija, mumewe hufunga duka wakaenda kliniki pamoja. Lakini mashavu yamejaa, sketi zimeanza kumbana, na kila asubuhi, kitambaa shingoni, anauliza kwa pumzi fupi fupi, macho yakicheka:

"Fundi... leo unatunyoa... na nini?"