Kahawa Aliyoikausha Mama

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka, uzee wote huu.

Nilikuwa kijana, nimerudi kijijini kwetu Iyula mwanzoni mwa msimu ule kutoka Tunduma, nilikokuwa nikihangaika na mizigo ya mpakani. Kanisani alikuja mgeni kuzungumza nasi, mama mkulima wa Itaka. Alikuwa ameagiza kila nyumba ilete kahawa yake kidogo. Akaikaanga palepale, akaitwanga, akatuonjesha. Usicheke: miaka yote tulilima kahawa, nyumbani tukinywa chai.

"Nimekuja kuwaonjesha jasho lenu," alisema. Alipofika kwenye kikombe cha kahawa ya kwetu akanywa, akanywa tena. "Hii inazipita zote. Nani kaikausha?"

Mimi nikasimama.

Mwanangu, hata kichanja chenyewe cha kuanikia sikuwa nimekigusa. Mama yangu ndiye aliyeigeuza ile kahawa kwa mikono yake, siku baada ya siku, akikimbia kuifunika kila wingu lilipotanda. Na mama alikuwepo, amekaa kule nyuma na wenzake. Watu walipiga makofi. Naye akapiga.

Mgeni akaniita mbele. "Haya baba, wafundishe wenzako. Jua likiwa kali unafanyaje?"

Nikakohoa, nikaanza kukunja mikono ya shati. Ndipo mama akasema kutoka kule nyuma, "Ana haya huyo, mgeni wetu, ila anajua. Mchana huwa anaifunika, ganda lisipasuke."

Wakanichagua niwe mwalimu wa kikundi cha kahawa. Njiani mama hakunigombeza. Alisema tu, "Kesho asubuhi uje kichanjani nikufundishe. Watu watakuuliza." Heri angenichapa.

Nilijifunza, nikafundisha wengi, na kahawa hiyo ndiyo iliyowasomesha ninyi. Lakini kuusema ukweli mbele za watu nilikuwa naahirisha, kila msimu nasema msimu huu, mpaka tukamzika mama. Hata siku ile ya mazishi walimsifu kwamba amezaa mwalimu. Nikainama, nikanyamaza tena.

Basi nakuomba: ukipigiwa makofi kwa kazi ya mwenzako, mtaje hapohapo, kabla makofi hayajaisha. Usingoje upate maneno mazuri. Mungu akubariki, mwanangu, akupe ujasiri nilioukosa mimi, na amtunze mama yako, akusikie ukimtaja.