Shada kwa Timu Iliyofungwa

Karakana yetu hutengeneza viti vya magurudumu na vitanda vya wagonjwa. Tuko watu tisa, na kwa miaka minne meza yangu ya kazi imepakana na ya Mjapani mmoja aliyenizidi zaidi ya miaka ishirini. Hapa Stockholm kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata meneja. Kwa Mjapani yule nilishindwa. Nilimwita mzee, kwa Kiswahili, nikamweleza maana yake kwa Kiswidi, akazoea.

Mzee alikuwa na timu yake, timu ya besiboli ya mji wa bandari alikozaliwa, yenye jezi za bluu. Mechi za jioni za Japani huanza saa kumi na mbili kwa saa zao. Kwetu, wakati wa kiangazi, hiyo ni saa tano asubuhi, na saa tano ndipo karakana yetu inapokula chakula cha mchana. Kwa hiyo kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari katikati ya meza, na sisi wawili mbele yake na vyombo vyetu vya chakula.

Nina mazoea ya kuandika ninachokiona. Nilipokuwa chuoni niliandikia jarida la wanafunzi, na daftari halijaniacha tangu wakati huo. Kuhusu mchezo wenyewe niliandika kidogo, maana sheria zake ziliniingia polepole. Niliandika kuhusu mashabiki. Kila mchezaji ana wimbo wake. Akiingia kushika gongo, tarumbeta zinalia, ngoma zinapigwa, na jukwaa zima linamwimbia yeye peke yake hadi atoke. Zamu ikigeuka wanakaa chini na kula, kwa sababu sasa ni zamu ya mashabiki wa upande wa pili kuimba. Hakuna anayewaingilia. Nilimuuliza mzee kama hawazomei. Akaniuliza watazomeaje na wenzao wako katikati ya wimbo.

Nyimbo zote hizo alifundishwa na kaka yake. Kaka mtu alikuwa anapiga tarumbeta kwenye kundi la washangiliaji, kwenye jukwaa la nyuma uwanjani, karibu kila mechi ya nyumbani. Mara nyingine mzee aliacha kutafuna, akainua kidole na kusema, "Hiyo ni yake." Mimi nilisikia tarumbeta ishirini kwa pamoja. Yeye alisikia moja.

Mimi nimekulia Dar es Salaam, katika nyumba iliyogawanyika kati ya zile timu mbili za Kariakoo. Baba alikuwa upande mmoja, mama na wajomba upande mwingine. Timu ya baba ikifungwa, wajomba walikuja na boksi lililofunikwa kitambaa cha rangi ya timu yake, wamelibeba mabegani kama jeneza, wanalia kwa sauti na kumpa mkono wa pole mmoja mmoja. Baba aliwakaribisha chai. Kwetu anayekufanyia hivyo amekuhesabu kuwa ndugu. Kwa hiyo nilipoona nimemzoea mzee vya kutosha, nilijichagulia timu ya wapinzani wake wakubwa, makusudi, ili tupate cha kutaniana.

Aliupokea utani vizuri, au ndivyo nilivyoandika kwenye daftari. Siku moja timu yake ilipokuwa inapigwa vibaya nilimwambia mrushaji wao amelala uwanjani. Akajibu bila kugeuza uso, "Ndiyo, lakini amelala kwa nidhamu."

Msimu ule timu yake ilihitaji kushinda mechi ya mwisho ili iendelee kwenye mchujo. Ilichezwa Jumamosi, mwanzoni mwa Oktoba. Niliitazama peke yangu nyumbani Norsborg, wakafungwa, nami nikafurahi kama mtoto. Jumapili nilinunua maua meupe nikayafunga kuwa shada, nikalizungushia utepe wa bluu ya jezi zao. Kwenye kadi niliandika kwa Kiswidi: Pole kwa msiba mkubwa. Apumzike kwa amani. Jina la timu sikuliweka. Nilijiambia kwamba utani ukijieleza unaharibika.

Jumatatu nilifika mapema, nikaliweka shada kwenye meza yake, nikaegemeza simu kwenye sanduku la vifaa ikiwa inarekodi. Nilitaka video ya kuwatumia rafiki zangu Watanzania.

Mzee alikuja na koti lake mkononi. Aliyaona maua, akasoma kadi, akashika utepe kwa vidole viwili. Kisha akaweka koti chini, sakafuni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akainama mbele ya shada. Aliinama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimefumba mdomo nikizuia kicheko, nikiamini kwamba anaigiza, kwamba hatimaye amejifunza. Akanijia, akainama tena mbele yangu.

"Umekumbuka rangi yake," alisema. "Asante."

Nikamwambia, "Pole sana, mzee," na sauti yangu ilikuwa ya kuigiza kilio. Hiyo nayo imo kwenye video, au ilikuwemo.

Alipokwenda kuvaa nguo za kazi, dada mmoja Mrundi tunayefanya naye kazi alinisogelea. Ni mama mtu mzima, mlokole, anaishi Vårby gård kituo kimoja na mzee, na ndiye pekee ninayeongea naye Kiswahili pale kazini.

"Umefanya muzuri sana, kaka," alisema. "Sisi wengine tulisikia habari siku ya Ijumaa na hakuna aliyeleta hata ua moja."

Nilimuuliza habari gani.

Akanieleza. Ijumaa mchana, mimi nikiwa Tumba kupeleka kitanda kwenye nyumba ya wazee, mzee alikuwa amewakusanya wote kwenye chumba cha chakula na kuwaambia kwamba kaka yake amefariki Alhamisi. Mazishi yalikuwa yafanyike upesi, kabla hajapata ndege ya kumfikisha. Ndiyo maana alikuwa kazini. Dada alidhani meneja amenipigia simu.

Nilimwambia ndiyo, nilisikia, ila nilidhani anazungumzia habari nyingine. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na niliusema haraka kuliko ninavyojibu ukweli. Kisha nikaenda chooni, nikafuta video. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hilo ndilo lililokuwa la kwanza kufanya. Nadhani nilikuwa naondoa ushahidi.

Nilikuwa na nafasi ya kumweleza siku ileile, na kila siku iliyofuata. Sikumweleza. Nilikuwa na sababu, na niliziandika kwa mpangilio kama ninavyoandika kila kitu: kwamba ukweli utamuumiza zaidi, kwamba maua ni maua, kwamba nia yangu haikuwa mbaya. Zote zilikuwa zinanilinda mimi. Mzee alilichukua shada nyumbani. Dada aliniambia ameliweka mbele ya picha ya kaka yake, na hata maua yalipokauka alibakiza utepe. Ndiyo maua pekee aliyoyaona ya msiba ule kwa macho yake. Wengine pale kazini walinitazama kwa heshima mpya, na meneja alisema mbele ya watu kwamba kuna mila nzuri za kujifunza kutoka Afrika. Nilitikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Kwetu watu huhesabu arobaini. Wajapani huhesabu siku arobaini na tisa. Siku hiyo ilipokaribia, katikati ya Novemba, mzee alitualika mimi na yule dada nyumbani kwake, Jumamosi mchana. Walikuwepo Wajapani wanane, wengi watu wazima, waliokuwa wakikutana kutazama mechi pamoja. Tulikaa kuzunguka meza fupi. Juu ya kabati kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye tarumbeta, amefumba macho, na chini yake utepe wangu wa bluu umekunjwa vizuri.

Waliimba. Hapakuwa na tarumbeta. Walipiga makofi na kuimba nyimbo za wachezaji mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wa kushika gongo, wote tisa, kwa sauti ya chini ili majirani wasisumbuke. Kisha mzee alizungumza kwa Kijapani, akanyoosha mkono kuelekea kwangu, na watu wanane wakaniinamia. Dada alinigusa kiwiko, anafurahi kwa ajili yangu.

Kwa desturi yao, aliyeleta pole hurudishiwa zawadi siku hizo zikitimia. Mzee alileta boksi la majani ya chai lililofungwa kwa karatasi nyeupe, akalishika kwa mikono miwili, akaninyooshea. Niliinua mikono yangu. Ikafika nusu njia na kusimama. Sikuwa nimepanga ujasiri wowote. Mikono tu ilikataa.

Nilimwomba tuongee jikoni. Nilimweleza kwa Kiswidi kibovu kuliko ninachokijua: timu, utani, maua, kwamba sikujua habari ya kaka yake, simu kwenye sanduku la vifaa, video na jinsi nilivyoifuta. Yeye alisimama na boksi mikononi. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Nilipoinama, ulikuwa unacheka?"

"Ndani, ndiyo."

Aliliweka boksi kando ya sinki. Alisema angeelewa mzaha, kwa sababu nilishamsimulia habari za wajomba zangu na jeneza la boksi. Hakuelewa karibu wiki sita za kunyamaza. Kisha akasema kwamba wale waliopo sebuleni wameniinamia kwa sababu yeye aliwaambia, na kwamba hawezi kuwaacha waende nyumbani na jambo lisilo kweli.

"Niwaeleze mimi," aliuliza, "au utawaeleza wewe?"

Nilirudi sebuleni. Sikuketi. Nilianza kwa Kiswidi, na kwa kuwa wawili kati yao hawakukijua vizuri, mama mmoja wa Kijapani aliyekuwa karibu na dirisha alianza kuwatafsiria. Ilibidi niseme sentensi moja na kungoja. Nilisema maua hayakuwa ya marehemu, nikangoja. Nilisema yalikuwa mzaha wa kufungwa kwa timu, nikangoja, na kila mara niliona nyuso za waliojua Kiswidi zimeshabadilika, huku zile mbili za mwisho bado zinanitazama kwa wema, zikisubiri tafsiri iwafikie. Dada aliondoa mkono wake kwenye kiti changu. Mzee alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, na nilijua kwamba sentensi ya video bado sijaisema.